Kifundo kilichoteguka hakisahau: Somo la miguu kutoka matuta ya mpunga Ahero

Kabla hujasoma zaidi, fanya hivi. Vua viatu, simama karibu na ukuta au meza. Inua mguu mmoja ubaki umesimamia ule mwingine. Kama una mguu uliowahi kuteguka, simamia huo huo. Sasa funga macho, uhesabu hadi kumi.

Umefika ngapi? Kama umefika kumi bila kutetereka, hongera, una kifundo cha mkulima wa mpunga. Kama umeshika meza ukiwa kwa nne, karibu tuketi pamoja. Mimi mwaka jana nilikuwa sifiki hata tatu.

Nianze kwa kusema ukweli: mimi si daktari. Chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipokata, na kozi yenyewe haikuwa ya mambo ya mwili. Ninayokuambia hapa nimeyajua kwa njia mbili. Moja ni kusoma usiku kwa simu, bando ikiruhusu. Ya pili ni kuteguka kifundo kimoja mara tatu. Hiyo ya pili ndiyo iliyonisukuma kwa ile ya kwanza.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 18. Mashindano ya Desemba, uwanja wa shule, ule udongo mweusi wa uwanda wa Kano umekauka hadi umepasuka nyufa za kumeza sarafu. Niliruka kupiga kichwa, nikatua juu ya daluga ya mtu. Nikasikia "kach". Kufikia jioni kifundo kilikuwa kama embe. Nikapelekwa kwa mzee mmoja anayesifika kwa kukanda mifupa. Akamwaga maji moto, akachua, akavuta, mimi nalia kama mtoto. "Imerudi," akasema. Siku ya sita nilikuwa uwanjani tena kwa sababu ilikuwa nusu fainali. Tulishinda, nami nikadhani hadithi imeishia hapo.

Mara ya pili ilikuwa kwenye ngazi za hosteli. Sikuwa hata nakimbia.

Mara ya tatu ndiyo ya aibu. Nilikuwa nashuka matatu hapa stage ya Ahero, pale barabara ya Kisumu kwenda Kericho inapopata tawi la kuelekea Katito na Kisii. Simu mkononi, raba mpya miguuni, ukingo wa lami umeliwa na mvua. Nikakanyaga nusu lami, nusu hewa. Kach. Mama mmoja wa kuuza ndizi akaniangalia nimekaa chini akauliza, "Kijana, umelewa saa nne asubuhi?"

Mbona nakusimulia haya yote? Kwa sababu hivi majuzi binamu yangu wa miaka 17, winga mwenye mbio kama swara, aliteguka kwenye uwanja ule ule. Kocha akamwambia afunge bandeji, Jumamosi acheze. Nilipomwona akichechemea kwenda kutafuta bandeji, nilijiona mimi mwenyewe. Na nilijua kitu ambacho mimi sikuambiwa na yeyote nikiwa na umri wake.

Mashine ya vipande 26

Mguu wako mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26. Miguu miwili ni 52. Mtu mzima ana mifupa 206 mwili mzima, kwa hivyo karibu robo ya mifupa yako imejificha ndani ya viatu. Hebu fikiria. Kama kazi ya mguu ingekuwa kubeba uzito tu, mfupa mmoja mnene ungetosha, kama nguzo ya nyumba. Nguzo haihitaji vipande 26.

Vipande ni vingi kwa sababu mguu una kazi mbili zinazopingana, na unazifanya ndani ya hatua moja. Kisigino kikigusa chini, mguu unatakiwa ulegee, ujipinde kufuata jiwe, shimo au tope lililo pale. Muda mfupi tu baadaye, kisigino kikiinuka, mguu huo huo unatakiwa ukaze uwe kama mtaimbo wa kukusukuma mbele. Ukilegea wakati wa kusukuma, hutafika popote. Ukikaza wakati wa kutua, utavunjika.

Unabadilikaje haraka hivyo? Jaribu hili. Kaa, weka wayo chini, kisha inua kidole gumba cha mguu kwa mkono. Angalia upande wa ndani wa wayo. Umeona tao linavyopanda? Chini ya wayo kuna ukanda mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Vidole vikikunjwa juu, ukanda unavutwa kama kamba inayozungushwa kwenye kapi la kisima, na mifupa inabanwa pamoja. Mwingereza aitwaye J. H. Hicks aliueleza ujanja huu mwaka 1954. Wewe umekuwa ukiutumia tangu ulipoanza kutembea, bila kumlipa mtu.

Halafu kuna springi. Mwaka 1987 Robert McNeill Alexander na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba mtu akikimbia, tao la wayo huhifadhi na kurudisha takriban asilimia 17 ya nishati ya kila hatua. Ile kano nene juu ya kisigino hurudisha takriban asilimia 35. Jumlisha. Ni zaidi ya nusu. Hebu fikiria unatuma elfu moja kwa M-Pesa, kisha kila mara unarudishiwa mia tano na ushee. Hiyo ndiyo biashara miguu yako inafanya, na wewe unaiita "miguu tu".

Na ndiyo, najua tunaishi kwenye uwanda unaoitwa Kano. Sikupanga hivyo.

Kwa nini ni upande ule ule kila mara

Sasa twende kwenye kifundo chenyewe. Gusa nundu mbili za pembeni, ya ndani na ya nje. Ukipima kwa kidole utagundua ile ya nje imeshuka chini kidogo kuliko ya ndani. Nundu hizo ni ncha za mifupa miwili ya mguu: mfupa wa muundi kwa ndani, na ule mwembamba kwa nje. Kati yake kumekaa mfupa mmoja unaoitwa talasi, umeshikwa kama nati ndani ya spana.

Talasi ina mambo mawili ya ajabu. Kwanza, hakuna msuli hata mmoja uliojishikiza juu yake. Uzito wako wote unapita hapo, lakini mfupa wenyewe hauvutwi moja kwa moja na msuli wowote. Unategemea majirani na ligamenti, yaani zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa.

Pili, talasi ni pana mbele na nyembamba nyuma. Vidole vyako vikiinama juu, ile sehemu pana inaingia kati ya nundu na kukaza. Spana imebana nati sawasawa. Lakini vidole vikielekea chini, sehemu nyembamba ndiyo inayobaki mle ndani. Spana imelegea. Ukitua hivyo na wayo ukapinduka kuelekea ndani, kinachokuzuia ni zile ligamenti tatu za upande wa nje peke yake, na ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote. Inakatika ya kwanza. Upande wa ndani una ligamenti moja pana na ngumu sana, ndiyo maana ni nadra usikie mtu ameteguka kuelekea huko.

Sasa rudi kwa mara zangu tatu. Kutua baada ya kuruka. Kushuka ngazi. Kushuka matatu. Zote tatu, vidole vilikuwa vimeelekea chini. Nilipoelewa hili nilikaa kimya dakika nzima. Miaka yote nilikuwa nikisema ni mkosi.

Maumivu kuisha si kupona

Lakini bado kuna swali. Kila mtu anashuka matatu, mbona ni mimi tu niliyekaa chini pale stage?

Jibu ni kwamba ligamenti si kamba tu. Ndani yake, na kwenye misuli iliyo jirani, kuna neva zinazomwambia ubongo kila wakati: kifundo kimeinama hivi, kimegeuka vile. Ndiyo maana unaweza kutembea gizani stima ikipotea. Hutazami miguu, lakini unajua iko wapi.

Ligamenti ikichanika, mawasiliano hayo yanavurugika. Uvimbe unaisha, maumivu yanaisha, unavaa daluga. Lakini ripoti kutoka kifundoni bado zinachelewa au zinafika nusu. Kuna misuli upande wa nje wa mguu, chini ya goti, ambayo kazi yake ni kuuvuta wayo urudi unapoanza kupinduka. Na wayo hupinduka haraka kuliko unavyopepesa jicho. Misuli ikipata habari kwa kuchelewa, inavuta wakati mambo yameshaharibika.

Ndiyo maana nasema kifundo kilichoteguka hakisahau. Nilikaa siku sita nikidhani nimepona, kumbe kilichopona ni kelele tu. Ukiteguka mara moja, uwezekano wa kuteguka tena unapanda, na wengine huishia na kifundo kinachowapiga chenga miaka nenda miaka rudi.

Nyanya na tuta la sentimita thelathini

Nilipoteguka mara ya tatu nilihamia kwa nyanya kwa muda, karibu na mashamba ya umwagiliaji ya Ahero, yale yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Nilikuwa nakaa chini ya mti, mguu juu ya mtungi uliopinduliwa, namtazama akienda shambani.

Nyanya amepita miaka 65. Anapita juu ya tuta la kugawa maji ambalo upana wake ni kama mdomo wa ndoo, linateleza kama sabuni, kichwani ana kata ya leso na juu yake mzigo wa miche. Akiingia kwenye tope, kila hatua anang'oa mguu kama anang'oa muhogo. Sijawahi kumsikia akisema ameteguka.

Siku moja nikamuuliza, "Dani, wewe hujawahi kuteguka?"

Akacheka. "Nyakwara, wewe unatembea na macho ya simu. Mimi natembea na miguu."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Kumbe kuna watu wamepima mambo yanayokaribiana na haya, tena kwa watu wa kwetu.

Mwaka 1986 Mkenya Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha katika Nature utafiti kuhusu wanawake wa Kiluo na Kikuyu wanaobeba mizigo, hawa kwa kichwa, wale kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nishati ya ziada. Yaani mama wa kilo 60 anabeba kilo 12, na mwili wake unalipa kama vile hajabeba kitu. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake wakaeleza sababu: kutembea ni kama timazi ya saa inayobembea, unapanda na kushuka juu ya mguu, na wanawake hawa wakibeba mzigo wanabembea vizuri zaidi, wanapoteza kidogo katika kila hatua.

Tusije tukajisifu kupita kiasi. Watafiti waliopima wanawake Afrika Kusini baadaye hawakupata hiyo "bure" kwa kila mtu, na shingo za mama zetu zinajua gharama ya mtungi. Utafiti huo pia ulipima nishati, haukupima kuteguka. Lakini ulinionyesha kwamba kutembea ni ujuzi. Kunajengwa kwa miaka, hatua baada ya hatua, na kunaweza kuwa bora kwa mtu mmoja kuliko mwingine.

Utafiti mwingine ni wa 2019, pia katika Nature. Watafiti wa Harvard na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi walipima nyayo za watu zaidi ya 100, wengi wao kutoka magharibi mwa Kenya, wengine wakitembea peku na wengine kwa viatu. Walitaka kujua kama sugu nene ya chini ya wayo inaua hisia. Haiui. Mtu mwenye sugu nene alihisi mitetemo chini ya wayo sawa na mwenye ngozi laini. Kwa hivyo sugu ya nyanya inamlinda, na bado wayo wake unasikia ardhi. Soli laini na nene haiwezi kukupa vyote viwili kwa namna hiyo.

Subiri kwanza, usitupe viatu. Sikuambii utembee peku. Maji ya mashamba ya mpunga na ya ziwa yana konokono wanaobeba kichocho, na kichocho hupenya ngozi nzima isiyo na hata mkwaruzo. Kuna misumari, kuna vioo, kuna funza. Kama unafanya kazi majini, vaa gambuti ukiweza na uende ukapimwe. Nyanya mwenyewe angevaa kama gambuti hazingenasa kwenye tope. Ninachosema ni kwamba mguu wake umekuwa ukifanya mazoezi kila siku kwa zaidi ya miaka 50, na wangu ulikuwa umelala ndani ya raba. Mazoezi hayo unaweza kuyapata bila tope na bila konokono.

Siku ya kwanza: ya kufanya na ya kuacha

Tuseme umeteguka leo. Swali la kwanza ni kama mfupa umevunjika. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa masharti rahisi ambayo hospitali nyingi duniani huyatumia kuamua nani apigwe eksirei. Nenda hospitali ukaangaliwe kama:

- Huwezi kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea, pale ulipoumia na hata baadaye.
- Ukibonyeza ukingo wa nyuma au ncha ya nundu ya ndani au ya nje, unauma pale pale juu ya mfupa.
- Ukibonyeza mfupa unaotokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, au ule wa juu ya tao upande wa ndani, unauma.

Mimi naongeza: kama mguu umepinda, umekuwa baridi au umekufa ganzi, usingoje hata kubonyeza. Twende. Ukitumwa mbele kutoka Ahero utafika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, ile wazee bado wanaiita Russia.

Kama si mfupa, siku mbili tatu za kwanza mambo ni haya. Punguza kuukanyaga. Uinue juu ya mto ukilala. Funga bandeji ya kuvutika, isikaze hadi vidole vibadilike rangi. Barafu inapunguza maumivu: omba kidogo kwa mama wa samaki, izungushie kitambaa, dakika kumi na tano hivi, usiiweke kwenye ngozi moja kwa moja.

Ya kuacha sasa. Usimwage maji moto. Usinywe pombe ukidhani inatuliza. Na usikandwe. Najua hapa nitapata maadui. Sidharau wazee wetu, wana mengi wanayojua. Lakini ligamenti iliyochanika leo ni jeraha bichi lililo ndani. Ungekuwa na jeraha kama hilo juu ya ngozi, ungekubali mtu alisugue kwa vidole gumba? Na kama kuna mfupa uliopasuka, kuuvuta bila picha ni kucheza kamari na mguu wa mtu. Lile neno "imerudi" niliambiwa mimi lilikuwa na shida moja: hakuna kilichokuwa kimetoka mahali pake. Kilikuwa kimechanika.

Baada ya hizo siku za kwanza, usiuweke mguu kabatini mwezi mzima. Kwa mteguko wa kawaida, anza kuutembeza kadiri maumivu yanavyoruhusu. Andika herufi za alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu, A hadi Z, asubuhi na jioni.

Wiki nane za kusimama

Sasa ndipo penye siri ambayo watu wengi huiruka, nikiwemo mimi mara mbili.

Mwaka 2009 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Uholanzi kwa wanamichezo 522 waliokuwa wameteguka karibuni. Wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Nusu yao wakaongezewa mazoezi ya kusawazisha mwili, ya kufanyia nyumbani, kwa wiki nane. Ndani ya mwaka mmoja, waliokosa mazoezi asilimia 33 waliteguka tena. Waliofanya, asilimia 22.  Ni mazoezi ya kusawazisha tu.

Maana yake ni nini? Zile ripoti zilizovurugika zinaweza kurekebishwa. Ubongo unajifunza upya kusikiliza kifundo. Hivi ndivyo mimi nilivyofanya, hatua kwa hatua:

- Kwanza, kusimama. Mguu mmoja, macho wazi, sekunde 30, mara tatu. Fanya ukipiga mswaki. Kisha funga macho, ukiwa karibu na ukuta.
- Pili, kisigino. Simama kwa vidole, shuka polepole. Anza na miguu miwili, kisha mmoja. Hapa unajenga shavu la mguu na ile kano ya asilimia 35.
- Tatu, ukuta. Weka kidole gumba cha mguu sentimita kumi hivi kutoka ukutani, sukuma goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Linganisha miguu miwili. Kama mmoja haufiki, talasi yako bado haifungi spana vizuri.
- Nne, usumbufu. Simama mguu mmoja juu ya blanketi lililokunjwa, mtu akurushie mpira. Hili ndilo tuta lako la mpunga.
- Tano, kuruka. Ruka kwa mguu mmoja mbele, kushoto, kulia. Ukitua bila woga na ukaruka umbali sawa na mguu mzima, sasa ndiyo tuzungumze habari za daluga.

Ukisikia maumivu makali, rudi hatua moja nyuma. Ukiweza kumpata mtaalamu wa fiziotherapia, mwone hata mara moja akuelekeze. Usipoweza, kusimama ni bure.

Na ukienda Kibuye kutafuta raba za mitumba, kabla hujauliza bei zigeuze uangalie soli. Kisigino kikiwa kimeliwa zaidi upande wa nje, mwenyewe wa kwanza amekuachia mteremko. Utakuwa unatembea ukiwa umeshaanza kuteguka. Kisha kunja kiatu: kinatakiwa kijipinde pale vidole vinapokunjika, si katikati.

Jumamosi ya binamu

Nilimpeleka binamu kwa kocha, tukazungumza. Kocha si mtu mbaya, ana wachezaji kumi na watatu na jezi kumi na moja. Akaniambia, "Omera, hii ni fainali." Nikamwambia mimi nilicheza nusu fainali yangu na nikashinda, na tangu hapo sijamaliza msimu hata mmoja. Akanyamaza. Binamu hakucheza. Tulifungwa mbili bila, na winga aliyewekwa mahali pake hakugusa mpira vizuri hata mara tano. Binamu hakuniongelesha siku tatu. Mtaani wengine wakasema mimi ndiye niliyewanyima kombe.

Labda ni kweli. Kombe lingekaa kwenye kabati la kilabu. Kifundo atatembea nacho hadi awe na umri wa nyanya.

Sasa yuko wiki ya tano kati ya nane. Jioni tunaenda wote pale kwenye tuta, mahali pakavu, tunasimama kila mtu na mguu wake kama korongo. Watoto wanatucheka. Nyanya akipita na mzigo wake hatuangalii hata mara mbili, anatembea zake.

Jana binamu alifumba macho akafika tisa. Mimi nilifika kumi na nne, halafu nikashika bega lake.

Wewe ulifika ngapi? Leo usiku ukipiga mswaki, inua mguu mmoja. Kesho hesabu tena.